Siku Isiyo na Hesabu



Katika Injili ya Mathayo, sura ya sita, Bwana wetu anazungumza na watu wenye hofu ya kesho. Ni wavuvi, ni wakulima wa vishamba vidogo, ni vibarua ambao wasipoajiriwa asubuhi jioni hawana chakula cha watoto. Watu wa namna hiyo anawaelekeza kwenye maua, na anathubutu kusema kwamba Sulemani, pamoja na utajiri wake wote, hakupata vazi la kulinganishwa na ua moja la porini. Sisi tumeyazoea mno maneno hayo, hata yamekuwa kama pambo la kadi ya arusi. Lakini kitenzi alichokitumia Mwinjili katika Kiyunani si cha kutupa jicho na kupita. Ni kitenzi cha mwanafunzi aliyeketi na somo lake mpaka alijue.

Tena tukumbuke ilikuwa nchi gani. Huko Galilaya mvua hunyesha wakati wa baridi, na kuanzia Februari hadi Aprili, katika yale wanayoyaita majira ya kuchipua, vilima hujaa maua, hasa anemone nyekundu ambazo huonekana kama vitone vya damu katika majani mabichi. Wataalamu wa Maandiko hawakubaliani hata leo ni ua gani hasa Bwana alilolikusudia, na ubishi huo hautupunguzii kitu. Jua la Mei likifika, kila kitu kimekauka. Na kwa kuwa kuni zilikuwa haba, majani yale makavu yalitiwa katika tanuri za kuokea mikate. Basi maskini wale waliagizwa wayasome maua ambayo baada ya wiki chache yangekuwa kuni.

Leo nataka kuwasimulieni habari ya baba mmoja aliyekwenda kuyasoma maua pamoja na binti yake, wakiwa juu ya pikipiki, na gharama aliyoilipa kwa ajili ya safari hiyo. Amenipa ruhusa niisimulie, ila majina tutayaacha.

Sisi wa nchi za tropiki hatuna majira ya kuchipua kama ya Ulaya au ya Galilaya. Lakini kuna mahali katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania panapoyakaribia sana. Ni uwanda wa Kitulo, ulioko mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Mwezi wa Juni hadi Agosti kule juu hushuka jalidi, na majani huungua kwa baridi kana kwamba moto umepita. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, ardhi ile yenye majivu ya volkano za kale huamka. Kuanzia Desemba hadi Aprili uwanda mzima hubadilika rangi, na usidhani hubadilika mara moja tu: wiki hii utaukuta mweupe, na ukirudi baada ya muda utaukuta wa manjano au wa zambarau. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 350 za mimea, na kati ya hizo aina 45 ni za okidi. Mwaka 2005 Serikali iliufanya uwanda huo kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 413, nayo ilikuwa hifadhi ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Hakuna simba wa kutangazwa huko, wala tembo. Wenyeji, ambao hawakungoja mtaalamu awaambie, wanapaita Bustani ya Mungu.

Chini ya bustani hiyo, kwenye barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Makambako, upo mji mdogo wa Chimala. Hapo ni joto, ni vumbi, ni malori, na ni mpunga wa bonde la Usangu. Maji ya mpunga huo, na ya mto Ruaha Mkuu unaokwenda kulijaza bwawa la Mtera, hutoka katika milima hiyo hiyo. Mtu wa Chimala anakula wali uliomwagiliwa na mvua ya Kitulo kila siku ya maisha yake, na anaweza kufa mzee pasipo kupanda kwenda kupaona. Wazaliwa wengi wa hapo wamewaona wageni wakipita na kamera shingoni, wakawaonyesha njia, wakarudi kwenye shughuli zao.

Baba ninayemsema ni dereva wa bodaboda hapo Chimala. Hajafika miaka arobaini. Pikipiki anayoiendesha si yake bado. Yuko katika mkataba. Wasikilizaji ambao hamjapanda bodaboda isipokuwa kwa dharura, huenda hamwijui lugha ya kijiweni, nami naomba niwaelezeni neno moja. Fedha ambayo dereva humkabidhi mwenye chombo kila jioni huitwa hesabu. Mahali pengine ni shilingi elfu saba, pengine elfu kumi. Ipate mvua, upate pancha, uugue malaria, hesabu ni hesabu. Ukishaitoa, na ukishatoa petroli, kinachobaki ndicho cha watoto. Ukiilimbikiza, chombo kinachukuliwa na mkataba unavunjika, hata kama ulikuwa umebakiza mwezi mmoja. Kwa hiyo dereva wa mkataba hana kilomita ya bure. Kila mzunguko wa gurudumu una bei.

Baba huyu anaishi na mkewe, watoto watatu na mama yake mzazi, Mkinga wa kule juu Makete aliyeshuka bondeni baada ya kufiwa na mumewe. Binti yake mkubwa ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Alipokuwa darasa la tatu, mwalimu aliwaambia kwamba watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuyaona maua yaliyoko juu ya vichwa vyao. Mtoto akarudi nyumbani, akamwamkia baba yake, na hapo hapo akauliza:

“Baba, sisi tutakwenda lini?”

“Barabara ikikauka, mwanangu.”

Jibu hilo lilimtosha mtoto kwa mwaka mmoja. Mwaka wa pili akauliza tena, akajibiwa vile vile. Mwaka wa tatu akawa amekwisha kujifunza shuleni kwamba maua yale huja na mvua, na kwamba barabara ikikauka maua nayo yamekwisha. Akamwambia baba yake jambo hilo kwa adabu, kama mtu anayemsaidia mwenzake kusahihisha hesabu. Baba akacheka, akasema atafikiri. Mwaka uliofuata mtoto hakuuliza tena.

Hapo ndipo baba alipoanza kukosa usingizi. Aliniambia, “Padre, alipokuwa ananisumbua nilikuwa na amani. Aliponyamaza nikaona amenisamehe, na sikupenda kusamehewa namna ile.” Wapendwa, nimesoma vitabu kadhaa vya teolojia juu ya wazazi na watoto, na sikumbuki kama nimepata humo sentensi nzito kuliko hiyo. Mtoto anayeomba bado anatutumainia. Mtoto aliyeacha kuomba bila kununa amekwisha kutupima, amejua urefu wetu, na anaishi ndani ya kipimo hicho.

Jambo lingine lilimsumbua. Siku moja alimpakia mgeni kutoka Ulaya, akampeleka mpaka juu, akamngoja saa nne nzima. Aliporudi, binti aliuliza swali moja tu: “Yakoje?” Baba akajibu, “Maua tu.” Na kwa kweli hakuwa na jibu lingine, kwa maana saa zile nne alikuwa amelala juu ya tangi la pikipiki, kofia usoni.

Si kwamba hakuyajua maua yale. Aliyajua kwa namna yake. Alipokuwa mvulana, kabla ya hifadhi kuanzishwa, alikuwa akienda uwandani na mama yake kuchimba chikanda. Chikanda ni viazi vya okidi. Vikisagwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili na magadi, hutoka kitu kigumu cha kukatwa vipande kama nyama ya kusaga, nacho kinapendwa sana Zambia. Okidi za Zambia zilipopungua, wafanyabiashara walivuka mpaka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kuwa viazi vilivyokuwa vikitoka katika nyanda zetu kwa mwaka mmoja vilifikia mamilioni. Madaftari ya baba huyu yalinunuliwa kwa fedha ya chikanda, na kalamu, na pengine chumvi ya nyumbani. Mimi siwezi kumlaumu mjane aliyechimba ili mwanawe asome. Anayeweza kumlaumu na asimame yeye ahubiri. Lakini sikilizeni alivyokuwa akiyatazama maua: ua lilikuwa alama ya mahali pa kutia jembe. Akiliona, jicho lake lilikuwa limekwisha kushuka chini.

Basi mwezi wa Februari, siku ya Jumamosi, aliamua. Jumamosi kijiweni ni siku ya mavuno, watu wanakwenda sokoni na kwenye arusi. Mke wake hakusema neno. Bibi wa watoto, yeye alisema.

“Mnakwenda kufuata nini huko?”

“Maua, mama.”

“Mtayala?”

Najua kwamba hapa baadhi yenu mnaosikiliza mmeshika vichwa, si kwa ajili ya maua, bali kwa ajili ya pikipiki. Mna haki. Mimi mwenyewe nimewazika vijana wa bodaboda, na nimewazika abiria wao, na sitaki mtu yeyote anisikie nikisifu mwendo wa kasi. Baba huyu aliazima kofia ngumu ya pili kwa mwenzake wa kijiweni, akaitia kitambaa ndani mpaka ikakaa sawasawa kichwani pa mtoto. Alimvalisha masweta mawili na koti la mvua. Alimwonyesha bomba la moshi, akamwambia asiliguse kwa mguu kwa sababu litakuwa la moto kama jiko. Akakagua breki, mnyororo na upepo wa magurudumu. Kisha akamwambia mshike baba kiunoni, na baba akiinama, nawe uiname upande ule ule.

Waliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Barabara ya kutoka Chimala kwenda Matamba inapanda ukuta wa mlima kwa kona zilizopewa jina la idadi yake: Hamsini na Saba. Binti alikuwa ameazimia kuzihesabu. Alihesabu kwa sauti, kofia imemfunika masikio, baba akisikia namba zikipigwa mgongoni mwake kama mtu anayesali rozari. Kona ya ishirini na kitu waliposimama kupoza injini, walitazama nyuma: Usangu yote ilikuwa chini yao, majaruba ya mpunga yaking’aa kwa maji, na malori ya barabara kuu yamekuwa madogo kama siafu. Mtoto akauliza nyumba yao iko wapi. Baba akaitafuta, akashindwa kuiona, akanyoosha kidole tu mahali fulani.

Pikipiki ndogo haipendi mlima. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini ya namna ile hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila inapopanda mita elfu moja. Ilipanda kwa gia ya kwanza, ikikohoa. Mahali pamoja penye matope mtoto alishuka, akatembea, kisha akasukuma, naye anasisitiza mpaka leo kwamba pikipiki ilifika juu kwa nguvu zake. Walipomaliza mlima yeye alikuwa na kona hamsini na nne. Baba akasema ni hamsini na saba, jina linasema hivyo. Mtoto akasema jina linaweza kukosea. Ubishi huo haujaisha.

Matamba walikunywa chai na viazi, wakiota jua. Halafu wakaendelea mpaka hifadhini, wakaiacha pikipiki kwenye geti, baba akalipa kiingilio cha raia, akazihesabu noti taratibu kuliko ilivyohitajika, wakaingia kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi.

Ningependa kuwaeleza walichokiona, lakini redio haina rangi, nami nitasema machache. Hakuna miti. Ni majani, upepo na anga, na katikati ya majani hayo maua yamesimama kwa maelfu, mengine mafupi yasiyofika kifundo cha mguu, mengine ya kimo cha mtoto. Kuna yale yenye mkuki wa rangi nyekundu na manjano kama kaa lililopulizwa. Kuna jamii za gladiola, na za jeranyamu, na maua madogo yenye jicho la manjano. Na kuna okidi zenyewe, nyeupe, za waridi, za machungwa, ambazo kwa mbali ni bua moja tu, na ukiinama unaona kwamba bua hilo limebeba nyuso ishirini au thelathini, kila moja na mdomo wake. Askari alisema anayetaka kuziona vema apige magoti. Mtoto akapiga magoti. Baba akabaki amesimama, mikono nyuma, kwa maana mikono yake ilikuwa inakumbuka jembe.

“Baba, njoo.”

Akapiga magoti naye. Anasema hakuwahi kuuona mdomo wa lile ua, ingawa alikuwa ameling’oa mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu.

Hapo ikatokea kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Bila kugusa udongo, akamweleza binti yake kilichoko chini yake, kwa sababu alikuwa amekiona mara elfu. Akasema: chini ya bua hili kuna viazi viwili vimelala pamoja. Kimoja kimesinyaa, ngozi yake imelegea. Cha pili ni kigumu, kimejaa, na hicho ndicho tulichokuwa tukikitaka. Askari akasema ni kweli, na akaongeza alichofundishwa yeye: kile kilichosinyaa ndicho kilicholisha bua na ua la mwaka huu, kile kigumu kinajijaza polepole kwa ajili ya ua la mwaka ujao. Ukikichukua, mwaka ujao hakuna ua mahali pale. Na usidhani mbegu itaziba pengo upesi, kwani mbegu ya okidi ni vumbi tupu. Haina akiba ya chakula kama punje ya mahindi. Inapeperushwa na upepo, na isipokutana udongoni na kuvu wa kuilisha, inakufa. Ikikutana naye, bado itachukua miaka kabla ya kutoa ua la kwanza.

Mtoto akakaa kimya, kisha akauliza, “Kile kilichosinyaa ndicho mzazi?”

Baba akasema, “Ndicho.”

“Kinajua?”

Hilo, wapendwa, hata askari hakulijibu. Nami nimeulizwa maswali mengi na maaskofu na watahini, na ningeona afadhali yao kuliko hilo. Niliposimuliwa nilitaka kuweka pale mahubiri yangu yote, juu ya punje ya ngano na juu ya msalaba, na nadhani ningekuwa na haki. Lakini baba aliniambia kwamba walikaa tu pale, upepo unapiga, naye akaushika mkono wa mtoto ulioganda kwa baridi akautia katika mfuko wa koti lake. Nimeona afadhali niwaacheni hapo hapo nao kidogo.

Mtu mmoja niliyemsimulia habari hii kabla ya kuiandika, mtu mzuri, mwenye duka, alinijibu: “Padre, watu wanatafuta unga, wewe unahubiri maua.” Alisema kwa upole na inafaa ajibiwe kwa upole. Bwana wetu aliwahubiria maua watu wasiokuwa na unga. Kama angetaka kuyahubiri kwa walioshiba, kasri la Herode lilikuwepo. Aliwajua wasikilizaji wake, tena alijua kwamba umaskini una namna ya kumwibia mtu macho, hata kila kitu kigeuke alama ya kitu kingine: ua ni chikanda, mlima ni nauli, Jumamosi ni hesabu, na mtoto naye, Mungu apishe mbali, anageuka ada. Sisemi ada isilipwe. Mzazi anayelipa ada kwa jasho anapenda, na mwanawe atalijua hilo akikua. Ila kuna upendo ambao mtoto anauhitaji kabla hajakua, nao ni wa kutazamwa, na kutazama pamoja na mzazi kitu kimoja ambacho hakuna hata mmoja wao atakayekibeba kwenda nacho. Siku hizi tunawanyamazisha watoto kwa kuwapa simu waone maua ya nchi za mbali. Maua ni mazuri, lakini magoti hayapigwi.

Mvua iliwakuta saa nane mchana. Walijibanza chini ya paa la duka pale Matamba, pamoja na mbuzi wawili na mama muuza vitunguu, mpaka ikapungua. Kushuka Hamsini na Saba kwenye utelezi si mchezo. Baba aliweka gia ndogo akaiacha injini ishike mwendo, kwa maana anayeshuka mlima ule kwa breki peke yake atazichemsha kabla hajafika katikati. Mtoto hakuhesabu tena. Alilala mgongoni, na baba aliendesha kwa mkono mmoja pale palipokuwa pamenyooka, mkono wa pili ukiishika mikono ya mtoto isifunguke tumboni pake. Anasema kwamba anawaonya vijana kila siku wasiendeshe kwa mkono mmoja, na kwamba hata siku ile alikwenda kama mtu anayetembea.

Jioni hapakuwa na hesabu. Wakala wa mwenye chombo alisema maneno yake, na maneno hayo siyasomi redioni. Ukijumlisha petroli, kiingilio, chai, na abiria wa Jumamosi waliochukuliwa na wengine, ilikuwa hasara ambayo mtu wa mshahara angeicheka na ambayo mtu wa mkataba huihisi tumboni. Jumapili, baada ya Misa Takatifu, alirudi kijiweni badala ya kupumzika. Alimaliza deni siku ya Alhamisi.

Na bibi? Bibi aliwangoja barazani.

“Mmeniletea nini?”

“Hatukuruhusiwa kuchuma, bibi.”

“Nilijua.”

Mtoto akakaa miguuni pake akaanza kumweleza, ua kwa ua, kilima kwa kilima, mpaka uji ukapoa. Bibi hakumkatiza. Baadaye yeye mwenyewe akaanza kutaja mahali: pale penye kijito, pale penye jiwe lililopasuka, pale upande wa kushoto wa njia ya zamani ya ng’ombe. Akataka kujua kama pale pameota tena. Mtoto hakujua; hawakufika upande ule. Bibi akasema pale ndipo palipokuwa pazuri kuliko pote, na ndipo yeye na baba yako tulipopamaliza.

Nilipopita nyumbani kwao kubariki nyumba, siku chache kabla ya Kwaresima, bibi alinivuta kando, akiwa ameficha uso nusu kwa kitenge. Nilidhani anataka kuungama. Alitaka kujua kofia ngumu ya mtu mzima inauzwa shilingi ngapi, na kama ni kweli kwamba pikipiki hairuhusiwi kupakia abiria zaidi ya mmoja. Nikamwambia ni kweli. Akafikiri, akasema, basi itabidi ziwe Jumamosi mbili.